Hesabu ya Mlangoni Si Hesabu ya Nyumbani

Juma lililopita sikuwa Dar es Salaam. Nilikuwa Lyamkena, katika mji wa Makambako mkoani Njombe, nyumbani kwa dada yangu. Wanaoufahamu mji huo wanajua kwamba jua likizama kila mtu hutafuta jiko la mkaa na koti zito. Tukiwa tumelizunguka jiko hilo, mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, aliingia chumbani akarudi na barua mkononi.

"Mjomba," akaniambia, "wewe unazungumza redioni kila juma. Hebu soma hii, kisha uniambie kama sisi tumo duniani au hatumo."

Barua ilitoka kwa wafadhili fulani ambao sitawataja. Mpwa wangu alikuwa amewaomba wasaidie kufufua kompyuta kumi na nne zilizokwishatumika, ambazo shule ilipewa na sasa zimelala stoo. Hakuomba fedha nyingi. Aliomba nyaya, betri za kuhifadhi umeme, na mafunzo kwa walimu wawili. Programu zenyewe, alieleza, zingekuwa za bure: mfumo endeshi wa Linux, na programu ya kazi za ofisi iitwayo LibreOffice. Wafadhili wakajibu kwa adabu kwamba wametazama takwimu za upakuaji wa programu hizo, wakaona kwamba waliozipakua kutoka Tanzania ni wachache, na wa upande wa Linux ni kama hawapo kabisa. Kwa hiyo, walisema, hakuna ushahidi kwamba programu za namna hiyo zinatumika nchini, na wao wasingependa watoto wafundishwe kitu kisichotumika. Wakashauri shule inunue kwanza programu za kulipia, ndipo wafikirie tena.

Shule hiyo haina fedha za kununulia chaki za muhula mzima. Kwa maneno mengine, tarakimu zile ziliamua kwamba kompyuta kumi na nne ziendelee kukaa stoo.

Nimeona leo tuzungumzie jambo hili, kwa sababu tarakimu za namna hii zinafika kwenye meza nyingi za wakubwa, na mtu akishaona tarakimu hudhani ameuona ukweli. Wafadhili wale hawakusema uongo. Tarakimu zao huenda zilikuwa sahihi kabisa. Kosa lao ni kwamba waliuliza swali moja wakapokea jibu la swali jingine.

Tuanze na mwanzo. Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi yake ya ndani, yaani yale maelekezo yaliyoandikwa na mafundi, yako wazi kwa kila mtu. Unaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha, kuyanakili na kumpa jirani yako bila kuvunja sheria. Ruhusa hiyo ya kumpa jirani ndiyo msingi wa mazungumzo yetu ya leo. Kiwanda cha sabuni kinajua kimeuza miche mingapi kwa sababu kila mche una risiti yake. Programu huria haina risiti. Waliotengeneza hawajui imefika wapi. Wanachoweza kukihesabu ni kitu kimoja tu: mara ngapi kompyuta fulani imegonga mlango wa seva yao na kuomba faili. Hiyo ndiyo inayoitwa takwimu ya upakuaji.

Hapo Makambako kuna mfano mzuri kuliko wowote ambao ningeweza kuutunga. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Iringa inafika Makambako na kugawanyika. Moja inakwenda Mbeya na Tunduma hadi Zambia, nyingine inashuka Njombe na Songea. Kwenye barabara hiyo kuna mizani, na magari ya mizigo yenye uzito wa tani 3.5 na kuendelea yanatakiwa kupimwa. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inapita Makambako.

Sasa chukulia kwamba mtu amekaa ofisini Dar es Salaam, akaagiza daftari la mizani, akatangaza kwamba amejua ni mizigo kiasi gani inayopita Makambako. Je, amejua? Lori lililopita Jumatatu likarudi Alhamisi limeandikwa mara mbili. Lori lililopita tupu limeandikwa vilevile. Behewa la TAZARA lenye shehena kubwa halikupanda mizani hata mara moja. Gunia la viazi lililobebwa kwa guta kutoka shambani hadi sokoni halimo. Daftari halikudanganya, limeeleza kwa usahihi yaliyopita juu ya mizani. Aliyekosea ni yule aliyedhani kwamba mizani ndiyo mji.

Takwimu za upakuaji ni daftari la mizani. Zinazidisha kwa upande mmoja, zinapunguza kwa upande mwingine, na ubaya wake ni kwamba haziwazidishii na kuwapunguzia watu wote kwa kiasi kilekile.

Tuangalie kwanza jinsi zinavyozidisha. Mtu mmoja mwenye kompyuta moja anaweza kupakua programu ileile mara nyingi. Toleo jipya likitoka anapakua tena. Kompyuta ikiharibika ikafutwa, anapakua tena. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, anaanza upya, na baadhi ya seva huandika kila jaribio kuwa upakuaji mwingine. Zaidi ya hapo, siyo kila anayegonga mlango ni binadamu. Kuna mashine zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikikusanya kila faili wanazolikuta. Kuna pia mashine za mafundi zinazojaribu programu: kila fundi anapobadili mstari mmoja, mashine hiyo hupakua upya vipande vyote inavyovihitaji, ikajaribu, ikafuta, ikasubiri badiliko lingine. Fundi mmoja mwenye bidii anaweza kuonekana katika daftari kama kijiji kizima.

Tena kuna upakuaji wa shamrashamra. Mwezi Juni 2008 watengenezaji wa Firefox, programu ya kusomea kurasa za mtandao, waliwaomba wapenzi wao duniani kote wapakue toleo la 3 katika muda wa saa 24. Hesabu ilifika 8,002,530, ikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Ilikuwa siku ya furaha kubwa. Lakini tarakimu ile ilituambia watu walivyoitikia wito wa siku moja. Haikutuambia ni wangapi waliokuwa wakiitumia Firefox mwezi uliofuata. Programu hiyohiyo ilitoka katika toleo lake la 1.0 mwezi Novemba 2004, na kabla mwaka haujatimia, Oktoba 2005, ilikuwa imepakuliwa mara milioni 100. Mara milioni 100, ndugu wasikilizaji. Siyo watu milioni 100. Neno dogo "mara" likidondoka njiani, habari inageuka kuwa nyingine.

Sasa tugeukie upande unaopunguza, maana huko ndiko tuliko wengi wetu.

Nilimwuliza mpwa wangu yeye binafsi aliipataje LibreOffice. Akacheka. Alinunua kifurushi cha usiku, akaunganisha simu na kompyuta ya rafiki yake mwenye duka la steshenari pale mjini, akaanza kupakua. Mtandao ulikatika mara tatu. Alfajiri faili likakamilika. Akaliweka kwenye flashi, na flashi hiyo ikatembea: kompyuta mbili za steshenari, moja ya ofisi ya shule, moja ya mwalimu mkuu, moja ya kanisa, na nyingine za walimu wenzake, jumla yake tisa.

Hebu tumhesabu mtu huyu. Daftari la seva huenda limeandika majaribio manne, au limeandika mara moja. Nyumbani kuna kompyuta tisa. Hakuna hata tarakimu moja kati ya hizo za daftari inayofika tisa. Naye hakuiba kitu. Alifanya kile kile ambacho waandishi wa programu waliruhusu na kutamani kifanyike. Mahali ambapo intaneti ni ghali, flashi ndiyo barabara, na barabara hiyo haina mizani.

Kabla ya flashi zilikuwepo sidii. Kampuni ya Canonical, inayotengeneza mfumo wa Ubuntu ambao ni aina mojawapo ya Linux, ilikuwa na utaratibu wa kumtumia mtu yeyote duniani sidii kwa njia ya posta, bila malipo, hadi ilipousimamisha mwaka 2011. Mpwa wangu alipokuwa chuoni aliletewa bahasha ya sidii hizo kwenye sanduku la posta. Moja alibaki nayo, nyingine aligawa. Sidii iliyokuja na mfuko wa posta haiwezi kuonekana katika daftari la upakuaji, kama vile behewa lisivyoonekana kwenye mizani.

Upo mfano mwingine mkubwa zaidi, nao unagusa afya zetu. Wizara ya afya hapa Tanzania inatumia programu huria iitwayo DHIS2 kukusanyia takwimu za hospitali, vituo vya afya na zahanati. Programu hiyo inaendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Inatumika katika nchi zaidi ya 70. Sasa, muuguzi wa zahanati anajaza vitabu vya MTUHA kwa kalamu. Taarifa zinapelekwa wilayani. Huko zinaingizwa katika kompyuta kwa njia ya mtandao. Programu yenyewe haikupakuliwa na kila wilaya. Imewekwa katika seva ya taifa, na wote wanaitumia kutoka mbali. Mtu akihesabu upakuaji, nchi nzima yenye maelfu ya zahanati inaweza kuonekana kama mteja mmoja aliyegonga mlango mara chache. Kwa daftari, Tanzania ni mtu mmoja. Kwa akina mama wanaohesabiwa kliniki, ni taifa.

Hadi hapa nimesema juu ya kuzidisha na kupunguza. Sasa nifike mahali ambapo wafadhili wa mpwa wangu walijikwaa zaidi, nalo ni suala la kulinganisha mifumo endeshi: Windows, Mac, Linux, na Android ya kwenye simu.

Mwenye kompyuta ya Windows akitaka LibreOffice, kwa kawaida anakwenda kwenye tovuti ya wenyewe na kupakua faili. Anapita mlangoni, anahesabiwa. Mwenye Ubuntu hafanyi hivyo. Mwezi Aprili 2011 Ubuntu ilianza kuja na LibreOffice ndani yake, kama nyumba iliyojengwa pamoja na vitanda. Akiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza, mara nyingi anaikuta ipo. Akitaka toleo jipya, linatoka katika ghala la Ubuntu wenyewe, au katika seva nyingine zenye nakala ya ghala hilo zilizotawanyika duniani. Hana sababu ya kwenda kwenye tovuti ya LibreOffice hata siku moja. Kwa hiyo mtumiaji wa kawaida wa Linux hupakua mara sifuri. Siyo kwamba haipendi programu. Ameipata mapema mno kiasi kwamba hakuhitaji kuiomba.

Mwenye Mac yuko katikati. Wengine wanapakua kwenye tovuti, wengine wanapata kwa njia ya duka la programu la Apple, na mafundi wana ghala lao wanalolitumia. Kila njia ina daftari lake. Kwenye simu za Android mambo ni mengine tena. Duka la Google linahesabu simu zilizowekewa programu, siyo faili lililopakuliwa, na kwa wageni linaonyesha tarakimu ya jumla tu, kwa mfano zaidi ya 1,000 au zaidi ya 10,000. Lipo ghala la programu huria liitwalo F-Droid, ambalo kwa makusudi haliwafuatilii watu wake. Na vijana wetu wenyewe wana njia yao: wanarushiana programu simu kwa simu, bila kugusa mtandao wowote. Huwezi kuchukua tarakimu za njia hizi, ukazipanga katika safu moja, ukasema huyu amemshinda yule.

Historia ya programu ya ofisi yenyewe inatupa fundisho. Mwaka 2010 watu wengi waliokuwa wakiiandika OpenOffice walijitenga, wakaanzisha LibreOffice. Mwaka uliofuata OpenOffice ilikabidhiwa kwa taasisi ya Apache. Toleo la kwanza chini ya Apache lilitoka Mei 2012, na ilipofika Aprili 2014 Apache walitangaza kwamba imepakuliwa mara milioni 100. Sehemu kubwa sana ya mara hizo ilikuwa ya Windows. Msomaji wa haraka angesema: kumbe watu wa Linux hawana haja na programu ya ofisi! Lakini katika miaka hiyohiyo, mifumo mikubwa ya Linux ilikuwa imekwisha kuhamia LibreOffice na kuiweka ndani ya mifumo yao. Ule uchache wa Linux mlangoni pa OpenOffice ulikuwa na sababu mbili ambazo daftari haliwezi kuzitaja: wengi wao walikuwa wamehamia nyumba ya pili, na huko walikohamia hakuna mlango wa kuhesabia.

Na lugha je? Hapa pana tundu ambalo wengi hawalioni. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ilitoa OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya kujivunia, maana mtu aliweza kufungua faili, kuhariri na kuchapa akisoma Kiswahili chake. Toleo la namna ile, lililosimama peke yake kwa lugha moja, mtu angeweza kulihesabu peke yake. Leo utaratibu ni tofauti. LibreOffice ya Windows inakuja na lugha nyingi ndani ya faili moja. Mtumiaji anachagua lugha wakati wa kuiweka. Kwenye Linux na Mac, lugha huja katika faili la pembeni. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye Windows aliyechagua lugha yake, na mwingine aliyebaki na Kiingereza, wanaandikwa sawasawa mlangoni. Akitokea mtu akahesabu mafaili ya lugha peke yake, ataona wa Linux na Mac tu, akose wote wa Windows. Lugha inaweza kuhukumiwa kufa kwa sababu ya namna mafaili yalivyofungashwa.

Baki jambo moja: nchi. Daftari la seva halimwulizi mgeni anatoka wapi. Linatazama anwani ya mtandao, kisha linakisia. Zamani, kabla ya mkonga wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, taasisi nyingi zilipata intaneti kwa satelaiti, na anwani zao mara nyingi zilikuwa zimeandikishwa Ulaya au Marekani. Mtu alikuwa amekaa Njombe, daftari likamwandika mgeni wa Ulaya. Siku hizi tatizo lina sura nyingine: kampuni za simu huwapitisha wateja wengi katika anwani chache. Seva inayojaribu kuondoa marudio kwa kusema "anwani moja, mtu mmoja" inawafunga maelfu ya watu katika gunia moja. Na mwenye kutumia njia za kuficha anwani anaweza kuonekana leo Uholanzi, kesho Singapore. Kwa hiyo wafadhili waliposema "kutoka Tanzania", hata hilo nalo lilikuwa kisio.

Basi ndugu wasikilizaji, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi takwimu za upakuaji zitupwe. Daftari la mizani lina kazi yake, na mtu mwenye akili anajua namna ya kulisoma.

Kwanza, linganisha mlango na mlango uleule. Kama upakuaji wa Windows kwenye tovuti ileile ulikuwa kiasi fulani mwaka jana, na mwaka huu umekuwa maradufu, kuna kitu kimetokea, maana dosari zilizokuwepo mwaka jana kwa sehemu kubwa zipo mwaka huu. Kulinganisha Windows ya mwaka jana na Windows ya mwaka huu kuna maana. Kulinganisha Windows na Linux mlangoni hapo hakuna maana.

Pili, tazama umbo la mwendo. Toleo jipya likitoka na upakuaji ukapanda ghafla kwa siku chache kisha ukashuka, hao wengi ni wateja wa zamani wanaobadili toleo. Ukipanda polepole na kubaki juu, huenda ni wageni wapya. Ukipanda saa ileile kila usiku, shuku mashine.

Tatu, uliza kama kuna hesabu ya walio hai. Programu nyingi zikiwa zimewekwa kwenye kompyuta huuliza mara kwa mara kama kuna toleo jipya. Maulizo hayo yanaonyesha kompyuta zinazofanya kazi leo, jambo lililo karibu zaidi na matumizi. Mfumo wa Debian, ambao ni ndugu mkubwa wa Ubuntu, una utaratibu wa hiari ambapo mwenye kompyuta anakubali kutuma orodha ya programu alizonazo. Ni msaada mkubwa, ila ukumbuke umewahesabu waliokubali kuhesabiwa tu. Na kompyuta isiyounganishwa na mtandao, kama zile za shule ya mpwa wangu, haitajibu lolote hata kidogo.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mtu atoke ofisini akaangalie. Mkulima anayetaka kujua mavuno yake haendi kwenye mizani ya barabarani; anahesabu magunia ghalani kwake.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, naye akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa mjomba, niwaandikie kwamba tarakimu zao ni mbovu?"

Nikamwambia hapana. Ukimwambia mtu tarakimu zake ni mbovu, atakuuliza zako ziko wapi. Na ukweli ni kwamba yeye naye hakuwa nazo. Alikuwa na hakika kwamba programu hizo zinatumika Makambako kwa sababu yeye na rafiki zake wanazitumia. Hiyo nayo ni mizani ya pembeni mwa njia. Inapima wanaopita karibu yake tu.

Siku mbili zilizofuata alizunguka na daftari la mazoezi. Aliingia steshenari, ofisi za vyama vya akiba, parokiani, kwenye karakana na katika shule nyingine. Kila mahali aliuliza maswali matatu: mnatumia programu gani kuandikia, mliipataje, na nani aliwawekea? Jioni ya siku ya pili tulikaa tena jikoni, tukayasoma majibu. Wapo waliokuwa na LibreOffice, na karibu wote waliipata kwa flashi. Wapo waliokuwa na programu ya kulipia ambayo hawakuilipia, wakasema hivyo kwa sauti ya chini. Wapo waliojaribu Linux wakaiacha kwa sababu printa iligoma. Na wapo ambao hawakujua wanatumia nini, wakiwemo wale wenye simu za Android mfukoni, wasiojua kwamba moyo wa mfumo huo ni Linux ileile ambayo barua ilisema haipo Tanzania.

Nilipomwona akitaka kuziruka zile habari za printa na za walioiacha, nilimzuia. "Ziandike," nikamwambia. "Ukiziacha, utakuwa umefanya kama wao: umechagua mlango unaokupendeza." Akaziandika. Barua yake mpya ina kurasa mbili, haina majigambo, na inaeleza nani alihesabiwa, wapi, kwa maswali yapi, na nani hakufikiwa. Jibu bado halijaja, na kompyuta zile kumi na nne bado ziko stoo. Sijui kama zitatoka.

Lakini najua kwamba wewe unayenisikiliza, uwe mwandishi wa habari, ofisa wa wizara au mzazi katika kamati ya shule, siku moja utaletewa karatasi yenye tarakimu kubwa au ndogo ya watu wanaotumia kitu fulani. Kabla hujakubali wala kukataa, uliza maswali mawili: ilihesabiwa kwenye mlango upi, na ni akina nani wasiopita hapo? Mwenye karatasi akishindwa kukujibu, mrudishie akatafute.

Dada yangu, ambaye alikuwa akitusikiliza tangu mwanzo huku akimenya viazi, ndiye aliyetufungia mjadala. "Kwa hiyo," akasema, "hao wazungu walihesabu waliobisha hodi. Sisi wa nyumbani hatubishi hodi kwetu."

Sikuwa na la kuongeza.